Nyongeza ya Daraja la Lusungo

Siku ya tatu tangu Ikupa azikwe, mama mkwe wake alipanda ngazi za Ofisi ya Daraja, mkungu wa ndizi kichwani, barua mkononi. Askari wa getini akadhani amekuja kufanya biashara, akamwelekeza mlango wa jikoni. Bibi Tulinagwe akamjibu kwamba ndizi hizi haziuzwi, na kwamba anamtaka aliyesaini barua hii. Askari alipouona muhuri akanywea, akampisha.

Aliyesaini barua alikuwa Injinia Sekela Mwakajila. Alikuwa amekaa mezani pake akijifanya anasoma, na tangu asubuhi alikuwa amesoma mstari mmoja tu.

“Shikamoo, mama. Karibu ukae.”

Bibi hakuitikia mara moja. Alisimama palepale na mzigo wake, shingo ameiinamisha kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Kisha akautua mkungu sakafuni.

“Marahaba, mwanangu. Hizo ni zako. Mtu haendi kumsumbua mwenzake mikono mitupu.”

Akaketi, akaikunjua barua juu ya meza, akaweka kidole.

“Mimi shule sikufika mbali. Mwanangu Anyelwisye ndiye aliyetusomea, mbele ya watu wote msibani. Nataka unisomee wewe. Hapa, na hapa.”

Sekela hakuwa na haja ya kusoma. Maneno aliyatunga mwenyewe. Hapa palisema kwamba gari lilisimamishwa darajani dakika ishirini na tatu kwa sababu ya msongamano. Na hapa palisema kwamba abiria walikuwa huru kushuka wakati wowote.

“Msongamano upi, mwanangu?” Bibi aliuliza, bila ukali. “Lile lori kubwa la transfoma tulikuwa tumeshalipita. Liko nyuma yetu, katikati ya daraja, tairi limepasuka. Mbele yetu barabara ilikuwa nyeupe, hata mbuzi hakuwepo. Paa la kituo cha afya ninaliona, mabati ninayahesabu.”

Sekela alikitazama kile kidole.

“Na hili la pili. Tulikuwa huru kushuka?”

“Milango haikufungwa, mama.”

“Haikufungwa. Hilo ni kweli.” Bibi alitikisa kichwa taratibu. “Ambakisye, dereva, alisema mara mbili: bibi, tumbebe mgonjwa tutembee. Nikamwambia tulia baba, daraja limesema dakika mbili. Likasema tena, na mimi nikasema tena. Miaka minane navuka pale, halijanidanganya. Ikupa kichwa chake kiko hapa,” akaligusa paja lake, “ananiambia, mama, naishiwa nguvu. Nikamwambia, dakika mbili, mwanangu.”

Mtoto alitolewa mzima, msichana. Mama yake alikuwa ameshamwaga damu nyingi mno garini, na jioni haikumkuta. Hayo Sekela aliyajua kwa karatasi. Kuyasikia kutoka kwa mwenye paja lilikuwa jambo jingine kabisa, na alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake.

“Leo alasiri wajomba wa Ikupa wanakuja kumchukua mtoto,” Bibi aliendelea. “Barua yako ndiyo wameishika. Wanasema mtu aliyekuwa huru kushuka akakaa, hapewi mtoto kulea. Mwanangu amenyamaza. Tangu isomwe, sijapewa hata kumshika. Sasa niambie wewe uliyesoma. Kama tungembeba, tungefika?”

Jibu Sekela alikuwa nalo kwa mita. Kutoka gari liliposimama hadi mwisho wa daraja, arobaini. Kutoka hapo hadi mlango wa kituo cha afya, mia mbili na sabini. Watu wawili na shuka moja wangetumia dakika nane, tena wakipumzika njiani.

“Si jambo rahisi kulisema, mama,” alisema, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Bibi alimtazama, kidogo zaidi ya ilivyo desturi. “Haya,” akasema. Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Mkungu ukabaki sakafuni.

*

Serikali iliahidi daraja jipya la Lusungo tangu Sekela yuko shule ya msingi, na ahadi ilikuwa imeshaota mvi. Daraja la zamani lilikuwa halibebi lori zito. Mashine za kiwanda cha chai, transfoma, vyuma vya reli, vyote vilizunguka kilomita mia na arobaini kuufuata mlima. Ndipo Sekela na wenzake walipomleta Mwenyeji, programu ya kompyuta ya kuongoza magari darajani. Siku hizo magari yalikuwa yameshajifunza kujiendesha, kwa hiyo gari likikanyaga mstari mweupe wa mwanzo wa daraja, usukani unakuwa wa Mwenyeji. Dereva anakunja mikono. Mwenyeji ndiye aamuaye nani aende, nani asimame, na asimame wapi.

Hilo la asimame wapi ndilo lililokuwa na siri. Chukua ubao mrefu, ulaze juu ya mawe mawili, ncha zitokeze nje. Mtu mnene akikaa katikati, ubao unapinda. Sasa waite wawili wakae kwenye ncha, mmoja huku na mmoja kule. Katikati panainuka. Yule mnene hajapungua hata ratili, ila ubao umepata nafuu.

Daraja la Lusungo lilikuwa boriti moja ndefu yenye vipande vitatu, kila kimoja mita themanini, na palipouma ni katikati ya kile cha kati. Kwa mahali hapo Sekela alichora mstari wa athari. Unachagua mahali pamoja tu kwenye boriti, unaipitisha tani moja kutoka ncha hadi ncha, na kwa kila hatua unapauliza: mzigo ukiwa kule, wewe hapa unaumia kiasi gani? Majibu unayaunganisha. Mstari wa Lusungo ulipanda kama kilima katikati, na pembeni kote kuwili ukashuka chini ya sufuri. Tani moja ikisimama katikati huandika kumi na nne. Ikisimama katikati ya kipande cha pembeni, hufuta tatu.

Basi lori zito linapoingia katikati, Mwenyeji huyashika magari mengine pembeni, yafute. Abiria hudhani wako foleni, kumbe wako kazini.

Wala hawakuambiwa. Majaribio ya kwanza yalionyesha kwamba mtu akiambiwa robo saa, hushuka, na akishuka huondoka na kilo zake. Mtu akiambiwa dakika mbili hukaa. Akiambiwa tena, hukaa tena, maana ameshakaa. Sekela alilijua hilo kwa sababu alilijaribu, na alilijaribu kwa sauti yake mwenyewe, iliyosikika ndani ya kila gari. Watu wa bonde lile walimwamini mwanamke mwenye lafudhi ya kwao. *Ndugu msafiri, dakika mbili tu.* Alikuwa ameirekodi mchana mmoja akiwa na mafua kidogo, na kwa miaka minane haikubadilishwa.

Wagonjwa nao? Mwanzoni Mwenyeji aliwapisha. Wachuuzi wa ndizi walipoligundua hilo, kila gari la ndizi likawa na mgonjwa wake. Mmoja alivuka akigumia chini ya kanga, na ng'ambo akashuka mzima wa afya, akaanza kupakua mikungu. Sekela alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akaifuta ile ruhusa. Alikuwa hajaikumbuka tena hadi wiki ile.

Sasa, Bibi alipokwisha kushuka ngazi, alifungua kumbukumbu za siku ile kwa mara ya nne. Alitarajia labda namba zimeona haya, zimebadilika. Lori la transfoma liliandika elfu moja mia moja na hamsini. Kikomo kilikuwa elfu moja na hamsini. Zilitakiwa kufutwa mia moja. Basi la kwaya, malori mawili ya chai na magari madogo matatu yalifuta mia moja kamili. Halafu likafuata gari la Ambakisye, tani mbili na kilo mia nane pamoja na waliokuwamo, wa kuzaliwa na wa kufa. Likafuta nane na nukta nne.

Alipiga hesabu apate kuona ni mzigo gani hasa, ukiwekwa katikati, unaandika nane na nukta nne. Ilikuwa kilo mia sita. Mifuko sita ya viazi.

Tena haikuhitajika. Mia moja ilikuwa imeshatimia.

Alijua ni kwa nini Mwenyeji aliongeza. Marehemu mama yake aliuza viazi sokoni miaka thelathini, na hakuna mteja aliyewahi kuondoka na debe la kipimo kitupu. Debe likijaa, mama aliongeza viganja viwili juu. “Nyongeza, mwanangu,” alikuwa akimwambia. “Kipimo bila nyongeza ni uchoyo.” Sekela alipomfundisha Mwenyeji kazi, alimwandikia vivyo hivyo: hesabu ikitimia, ongeza gari moja. Hakumwambia mtu. Aliona ni kama kuliwekea daraja baraka ya mama, na alijisikia vizuri siku nzima.

“Unaangalia tena?” Gwamaka alikuwa amesimama mlangoni. Walisoma pamoja, wakamjenga Mwenyeji pamoja, na hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalianguka kwenye mkungu. “Nani kaleta?”

“Mama mkwe wa marehemu. Usizile.”

Gwamaka akavuta kiti. Sekela akamwonyesha mstari, mia moja, nane na nukta nne. Akamweleza habari ya nyongeza. Gwamaka alishika paji la uso.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niliona ni jambo dogo.”

“Basi litoe. Sasa hivi, kimyakimya.”

“Nimeshalitoa. Nakwenda msibani kuwaambia.”

“Kuwaambia nini, Sekela? Kwamba tunawakalisha watu pale kama mawe?” Alishusha sauti. “Fikiri. Kesho kila mtu anashuka garini. Mwenyeji atashika nini? Malori yanarudi kuzunguka mlima. Umesahau yale mawili yaliyotumbukia kwenye kona ya Isyeto? Wale nao walikuwa na mama wakwe. Na kuna madaraja sita yanamsubiri Mwenyeji.”

“Sijasahau.”

“Barua umeshasaini. Bibi wa watu atapoa. Msiba hupoa.”

“Huyo bibi hajapewa kumshika mjukuu wake kwa sababu ya barua yangu.”

Gwamaka aliinuka, akakirudisha kiti mahali pake. Sekela alivuta karatasi, akaandika barua nyingine, fupi kuliko ya kwanza. Akaisaini. 

*

Watu wa msiba walikuwa wengi bado. Wanawake ndani kwenye mikeka, wanaume uani juu ya mabenchi ya mbao zilizolazwa kwenye matofali. Bibi Tulinagwe hakuwa mkekani. Alikuwa jikoni upande wa nje, peke yake, akimenya ndizi kama mpishi wa kukodi. Wajomba wa Ikupa walikuwa wameshafika. Mkubwa wao, Mzee Kaisi, alikaa katikati ya benchi la mbele, na karibu na mlango dada yake Ikupa alikuwa amempakata mtoto ndani ya shali ya manjano. Mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa umefungwa tayari.

Sekela alivua viatu, akajifunga kanga ya pili kiunoni. “Poleni na msiba.”

“Tumeshapoa,” wakaitika.

“Naitwa Sekela. Natoka Ofisi ya Daraja. Naomba kusema neno.”

“Ofisi yenu imeshasema,” Mzee Kaisi alijibu. “Tumesoma.”

“Ile barua ni ya uongo, mzee. Niliiandika mimi.”

Minong'ono ikakatika. Anyelwisye, mume wa marehemu, kijana mrefu aliyevaa koti la kuazima, akainuka kutoka nyuma. Sekela akampa barua mpya, lakini kijana hakuifungua. Alimtazama tu, akimsubiri aseme kwa kinywa chake.

Sekela akasema. Alilionyesha lile benchi walilokalia, akawaeleza jinsi waliokaa pembeni wanavyompa nafuu aliyekaa katikati, na Mzee Kaisi akatazama chini ya makalio yake kana kwamba benchi limemsaliti. Akasema hapakuwa na msongamano. Akasema gari la Ambakisye lilishikwa pale liwe uzito. Akasema milango kweli haikufungwa, ila maneno ya daraja yalitungwa kusudi watu wasishuke, na kwamba anayejua hivyo akaandika ‘walikuwa huru’ ni mwongo kuliko asiyejua. 

“Bibi hakufanya uzembe,” alimalizia. “Aliamini alichoambiwa. Tuliomwambia ni sisi.”

Anyelwisye aliuliza taratibu sana. “Lile lori lingeanguka?”

“Lingeweza kuliumiza daraja, kama pembeni pangekuwa patupu.”

“Sisemi pembeni patupu. Nauliza gari letu. Lile letu lisingekuwepo, wale wengine wangekuwepo. Daraja lingesimama?”

Hapo Sekela angeweza kusema mengi. Angeweza kusema habari za vikomo, za tahadhari, za upepo wa bondeni. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na yote yalimjia mdomoni yakiwa yamevaa suti.

“Lingesimama,” alisema.

“Basi mke wangu alikuwa nini pale?”

“Nyongeza.”

Ndani, kwenye mikeka, mwanamke mmoja alijiziba mdomo kwa kiganja. Wengi wao walikuwa wauza viazi na ndizi. Walilijua neno hilo kila asubuhi, walilitia kwa viganja vyao wenyewe juu ya debe lililojaa, na walilipenda. Anyelwisye alifunga macho, akayafungua, na Sekela akaona kwamba mtu huyu hatamsamehe, wala si haki yake kuomba.

Bibi Tulinagwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu cha ndizi mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu.

“Sema ile,” alisema.

“Ipi, mama?”

“Ile ya darajani. Iseme kama unavyoisema kule.”

Sekela alimtazama.

“Nilikujua uliponiamkia ofisini,” Bibi alisema. “Nilisema moyoni, huyu ndiye niliyekaa naye garini. Nilikuuliza ili useme mwenyewe. Ukaniambia si rahisi. Sasa sema, na hawa wasikie.”

Kuku walisikika wakichakura nyuma ya nyumba. Sekela alitaka kuisema kwa sauti nyingine, ya chini, ya mtu mwenye haya, lakini mdomo ulikuwa umeizoea njia yake.

“Ndugu msafiri,” alisema, “dakika mbili tu.”

Ilitoka ileile, laini, yenye mafua kidogo. Watu wakashtuka mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekuwa hajaisikia. Waliisikia wakiwa na maziwa yanayoganda, wakiwa na watoto wa shule waliochelewa mtihani, wakaketi. Mzee Kaisi alikuwa ameisikia mchana uleule, mara sita, akija kuchukua mtoto, na mara zote sita alikunja mikono akasema daraja lina sababu zake. Aliinuka kwenye benchi kana kwamba limekuwa la moto.

“Mimi nami,” alisema, akimtazama Sekela. “Leo. Mlinikalisha.”

“Ndiyo, mzee.”

“Na mimi ningekaa,” alisema kwa sauti iliyopungua, akigeuka upande wa jikoni. “Hata na mgonjwa. Ningekaa.”

 Anyelwisye alikwenda hadi mlangoni kwa shemeji yake, akanyoosha mikono. Dada yake Ikupa alimtazama mjomba wake, na mjomba akatazama chini. Shali ya manjano ikapita kutoka mikono hii hadi ile. Anyelwisye akavuka uani na mwanawe hadi kwa mama yake, akamtoa kisu vidoleni kwanza, kisha akamlaza mtoto kifuani pake. Bibi hakulia. Alimshika kwa viganja vya utomvu, akapeleka pua kichwani kwa mtoto, akabaki hivyo.

“Nisamehe, mama,” Anyelwisye alisema, na maneno hayo hayakuwa ya Sekela hata kidogo.

Wanawake wakasogea, mkeka ukapata nafasi. Bibi akaingia ndani na mjukuu wake. Wanaume wakarudi kukaa, ila hakuna aliyekalia ncha za benchi. Barua mpya ilianza kusomwa kwa sauti, kutoka mwanzo.

Sekela alibaki amesimama katikati ya uani, miguu mitupu. Hakuna aliyemwambia aketi, wala aliyemwambia aondoke. Alisubiri, na hakuna aliyemwambia ni dakika ngapi.